Moto wa Kuwekea Kidole

Miaka ishirini na tisa Mbaraki, kwenye cherezo,
nilikata mabamba ya meli kwa plazma,
chuma unene wa kidole gumba kikifunguka
kama papai lililoiva.
Barakoa tulikuwa nayo. Ilining'inia msumarini.
Nani avae barakoa Februari, ndani ya tangi,
jasho likijaa viatuni?

Basi moshi ulipiga hodi ukakuta nyumba wazi.

Daktari wa Makadara alinionyesha picha:
pafu la kulia, chini, kitu ukubwa wa kungu.
Sikusema neno. Nilimuuliza tu bei ya dripu.

Binti yangu Mwanasiti hakunyamaza.
Ni fundi wa maabara, chuoni Tudor,
yeye aliyekuwa akinibandika vipande vya viazi machoni
usiku nilipokuja nimechomwa na mwanga.
Jumanne alinishika mkono:
"Twende, baba, ukaone moto wako
ulivyotiwa adabu."

Chumba kidogo, feni mbovu, harufu ya spiriti.
Mezani bomba la kioo, jembamba kama mrija wa soda,
na kwenye ncha yake ulimi wa zambarau
urefu wa ukucha,
ukivuma kama nzi aliyefungiwa chupani.
"Weka kidole."
Mimi?
Mimi niliyemzika Mwinyihaji na vidole saba?
Nikaweka.

Ilikuwa kama mtu anapuliza uji.

Kisha akasogeza kisahani chini ya ule ulimi:
seli za pafu, za mtu nisiyemjua, zenye saratani.
Gesi ikipigwa umeme, akasema,
huzaa vijichembe vikali, vya oksijeni, vya naitrojeni.
Seli nzima huvistahimili.
Ile ya saratani inaishi mbio mbio, homa haimtoki,
ukiiongezea kidogo tu inazidiwa.
Haiungui. Hujizima yenyewe,
kama mwenye madeni anayefunga duka usiku
asiage mtu.
"Si zote," akasema. "Na si kila mara.
Wiki jana zilikufa mpaka zile nzima."
Nikampenda kwa hilo.

"Na mimi?"

Akaitazama feni.
"Wewe bado, baba. Hapa ni visahani, kwingine ni panya.
Pafu liko ndani, kuna mbavu, kuna damu,
njia ya kuufikisha huko hatujaijua vizuri.
Alhamisi utakwenda kwenye dripu yako kama kawaida."

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Hawakutaja tarehe.

Nikageuka, nikauona mtungi pembeni.
Agoni. Shingo ileile, valvu ileile,
saa ya presha imepasuka kioo kama zetu za cherezoni.
Nusu ya umri wangu nimekula chakula cha mchana
nimeuegemea huo.
"Unaisha upesi," Mwanasiti alianza, "na bei yake..."
Lakini mimi nilikwishasikia.
Juu ya feni, juu ya kifua changu kinachokoroma,
nilisikia panapovuja.

Nikaomba sabuni na maji kikombeni.
Nikapaka kwenye nati, kwenye kiungo cha mpira.
Povu likavimba, likapasuka,
likavimba tena.

"Hapa," nikamwambia, kikohozi kikinikata.
"Lete spana. Namba kumi na tisa."