Tai

Kwetu Newala, kabla sijafaulu,
tai alikuwa na mabawa.
Mwewe alituibia vifaranga na hatukumpa heshima,
lakini tai aliondoka na mwana-mbuzi mzima.
Akitokea, mama alipiga sufuria kwa mwiko
mpaka kivuli kivuke barabara ya Kitangari.

Kisha ikaja karatasi ya shule ya sekondari:
jembe moja, ndoo moja, fyekeo,
viatu vyeusi vya kamba,
na chini kabisa, wino umefifia:
tai moja, ya kijani.

Bibi Nantende akaniambia nirudie.
Tai moja.
“Mmoja,” akanisahihisha.
“Tena wa kijani! Miaka yote hii sijamwona.”

Fundi Chikawe aliishona
kwa masalio ya mapazia ya ofisi ya kata.
Fundo hakulijua, akatia lastiki ya chupi.
Kwa hiyo tai yangu haikufungwa.
Ilivutwa, ikaachiwa, ikanipiga kooni, pa!
Dawati la nyuma wakacheka wiki nzima.

Mwalimu Nambunga akaliandika neno ubaoni,
herufi tatu za Kiingereza.
Akasema lina kazi nyingi kuliko mkamwana mpya.
Ni hiyo mliyovaa.
Ni kufunga mbuzi, kufunga kiatu, kufunga kuni.
Ni damu ya ndugu na ndugu.
Ni mechi ya Jumamosi, bao moja kwa moja.

Likumba akanyoosha kidole:
“Mwalimu, hiyo si sare?”
“Sare.”
“Na haya mavazi yetu?”
“Sare.”
Tukatazamana, watu arobaini na nane,
tumevaa sare, tumetoka sare,
na hakuna anayejua nani kafungwa.

Msimu wa korosho, kamba ya katani ilimkatikia baba
gunia la mwisho likiwa wazi.
“Lete hiyo ya shingoni.”
Akaing’ata lastiki, akaitema,
akazungusha mara mbili, akapitisha, akakaza kwa goti.
Ndiyo siku ya kwanza tai yangu kuwa na fundo.

Ghalani, karani wa chama alikuwa na yake,
nyekundu, ya hariri, ndefu hadi kwenye mkanda.
Alipoinama kusoma mizani
ilitangulia yenyewe kugusa korosho zetu.
“Daraja la pili,” akasema,
hajazitia hata mkononi.
Baba hakujibu.
Mimi nilitamani sufuria.

Nikaiokota tai yangu sakafuni, ina vumbi na mafuta ya maganda.
Mama aliifua, harufu ikabaki.

Bibi alikata roho usiku wa kuamkia Jumatano,
Juni, ukungu umelala hadi mlangoni.
Shangazi Somoe akamfumba macho,
kisha akageuka, mkono umenyooka:
“Kitambaa cha kumfunga kidevu. Upesi, kabla hajakakamaa.”
Kanga zote zilikuwa pana.
Iliyokuwa nyembamba ilining’inia kwenye msumari.

Ikapita chini ya taya, ikapanda masikioni,
fundo likakaa utosini, dogo, la heshima.
Nilishika koroboi.
Wa kijani, bibi.

Asubuhi wakamwosha, wakaifungua,
wakamvalisha nyeupe tupu.
Wapi waliitupa, sikuuliza.

Jumatatu, mstarini:
“Tai iko wapi?”
Nikatafuta ile herufi tatu, nijenge sentensi.
Mbuzi ilikuwepo, kiatu kilikuwepo,
mechi ilikuwepo.
Kidevu hakikufundishwa.
“Nimemfungia bibi,” nikasema.
Kiranja akaniandika mara mbili:
hana tai; kaongea Kiswahili.

Nilifagia mbele ya maabara hadi saa tisa.
Njiani, juu ya mihogo ya Chikawe,
kitu kikubwa kikazunguka polepole, hakipigi bawa.
Jikoni kwetu hakuna aliyegusa sufuria.
Nikasimama, nikamhesabu kwa sauti,
kama nilivyosahihishwa:
mmoja.