Dawa ya Deni

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa.
Wahenga hawakumjua Deni wangu.
Dawa yake ni nusu kidonge saa kumi na mbili asubuhi,
nusu nyingine saa kumi na mbili jioni,
imefichwa tumboni mwa sambaza,
maana kidonge kitupu hukitema
kama mtoto wa tajiri anavyotema sombe.

Nilimkuta Kadutu, chini ya meza ya muuza makala,
mvua inashuka na udongo wa mlima,
anapiga miguu hewani, povu mdomoni,
na vijana wameshika mawe. Kichaa! Ana kichaa!
Mimi nimefagia wodi miaka kumi na moja.
Kifafa nakijua hata kikivaa manyoya.
Nikasimama kati yake na mawe,
si kwa ushujaa:
viatu vilikuwa vimenasa kwenye tope.

Bwana Cirimwami, daktari wa ng'ombe,
alimpima, akamchanja, akanitajia bei.
Nikafungua pochi, nikaifunga.
Andika kwenye daftari, nikasema.
Jina akalipata hapohapo.

Wiki mbili tu, nilimwambia mwenye nyumba.
Wiki mbili tu, nilimwambia na mbwa mwenyewe,
naye akalala juu ya kandambili zangu.

Tarehe tatu. Saa tisa usiku. Dakika mbili.
Tarehe tisa. Saa tisa kasorobo. Dakika tatu. Amekojolea mkeka.
Tarehe kumi na sita. Hakuna.
Au nililala.
Tarehe ishirini. Umeme umekatika, saa siioni,
nahesabu kwa sauti, mkono ubavuni mwake,
moja, mbili, tatu,
hadi mia moja na arobaini.
Kisha akanitazama
kama abiria wa meli ya Goma
aliyeshushwa kwenye bandari isiyo yake.

Miezi mitano ikapita ndani ya zile wiki mbili.

Wakaja wa kumtaka. Mama Nankafu wa Nguba
aliyapenda masikio. Atapona lini?
Hatapona, nikasema.
Akaniaga kwa adabu nyingi sana.
Binamu yangu alitaka mlinzi. Nikamwonyesha daftari,
akacheka mpaka akakohoa:
mlinzi anayeanguka kabla ya mwizi!

Halafu Zihalirwa, sentineli wa depo ya saruji kule Muhumba.
Hakuuliza habari ya kupona.
Huwa inamjia saa ngapi?
Saa tisa usiku, mara nyingi.
Akavua kofia, akaikung'uta maji.
Saa hiyo niko macho, mama. Miaka ishirini.
Saa tisa ni ndefu ukiwa peke yako.

Alikuja jioni tatu kujifunza.
Mlaze ubavu. Ondoa mawe karibu na kichwa.
Mkono usitie mdomoni, hata akikuhurumisha.
Vidole vyake ni vinene kama mihogo,
lakini kidonge alikikata kwa wembe katikati kabisa,
na unga uliobaki akaupangusia kwenye samaki,
usipotee.

Jumamosi nikampa mkeka, bakuli,
vidonge arobaini kwenye kopo la maziwa,
na daftari. Lile daftari nilichelewa kuliachia.
Wakapanda mlima wakiteleza.
Deni hakugeuka.
Alikuwa ananusa mfuko wa sambaza.

Usiku ule niliamka saa tisa.
Mvua juu ya bati. Mkeka haupo.
Nikahesabu hata hivyo, sijui namhesabia nani,
nilipofika tisini simu ikamulika:
*Hakuna. Tunakunywa chai.*

Mwisho wa mwezi nikamlipa Cirimwami faranga za mwisho.
Akachora mstari juu ya jina. Limekwisha, akasema.
Nikashuka hadi nyumbani,
nikaweka mfuko mezani, nikaufungua:
sambaza wa faranga mia tano,
nimewanunua bila kujua,
na mimi samaki wadogo siwali.