Faili Lipo

Saa tano usiku, tarehe thelathini na moja.
Malori mawili yananguruma uani, theluji imeanza kushika vioo,
na ankara hazichapwi.
Gjergj, dereva, kamaliza kahawa ya tatu ya mashine.
Anagonga dirisha, ananionyesha saa yake.
Namwonyesha skrini ya kijani:

Muunganisho umekataliwa.

Hapa Grumello tunatengeneza vifungo.
Vya pembe, vya kombe, vya plastiki inayojidai pembe.
Miaka thelathini na miwili nimekaa na mashine hii
nyeusi, ndefu kama friji ya bucha;
haijaniomba kitu ila hewa baridi na kanda mpya.
Kwa hiyo sianzi na matusi. Naanza chini.

Waya: umo.
Taa: kijani.
Naiita seva kwa namba yake, inaitika kabla sijainua kidole,
upesi kuliko mume wangu.
Lango la kanzidata: wazi.
Basi aliyekataa ni nani?
Mlinzi. Mtumiaji wa tovuti mpya,
yule aliyeundwa na Manlio, fundi wa kukodi kutoka Milano,
amekosea nywila mara tatu, amefungwa.
Nywila ilikufa mchana, siku zake tisini zimetimia,
na programu, haina haya, ikaendelea kubisha
kwa ufunguo uleule.
Kifungo kimoja zaidi katika kiwanda cha vifungo.
Namfungua. Naandika nywila mpya. Napumua.

Skrini nayo inanipumulia usoni:

Faili ANKARA halikupatikana.

Mtafutaji hachoki, walisema wahenga, akichoka keshapata.
Nimechoka. Sijapata.
Wahenga hawakuwahi kufunga hesabu za mwezi.

Natafuta kwa mkono wangu, amri kwa amri,
na lipo. Bila shaka lipo!
Rekodi milioni nne na ushei,
tangu oda ya kwanza, vifungo vya makoti kwa duka moja la Trieste.
Limekaa palepale lilipokaa siku zote,
katika maktaba iitwayo BRUNA.

Tarcisio ndiye aliyeipa jina, mwaka wa tisini na moja:
jina la ng'ombe wa mama yake.
Hakuandika popote. Tulijua tu,
kama mkono unavyoijua swichi gizani.
Manlio hakujua. Alipoyaandika upya maelezo ya kazi
alipanga maktaba sita safi, zenye majina ya adabu,
akaikuta BRUNA, akadhani mzaha,
akaifuta orodhani.
Kazi ikatumwa na karatasi yake mkononi:
tafuta humu, na humu, na humu.
Ikatafuta kwa uaminifu.
Ikarudi ikasema halipo,
wala haikusema uongo.

Machi iliyopita barua ya kaka yangu, kutoka Charleroi,
ilirudishwa kwake na muhuri: HAJULIKANI.
Manispaa ilikuwa imebadili namba za mtaa.
Mimi nilikuwa jikoni, nakoroga polenta.
Nilimsikia tarishi akipita.

Naiongeza BRUNA kwenye orodha. Naijaribu kazi.

Bado.

Nasoma mstari kwa mstari, miwani puani,
Gjergj sasa kasimama nyuma yangu, ananuka dizeli na baridi,
haelewi kitu, lakini kidole chake ndicho kinachogusa kioo:
"Hiki nini?"
Nukta.
Manlio kaweka nukta kati ya maktaba na faili
mahali ambapo kazi hii, ya kizamani kama mimi, inadai mkwaju.
Natoa nukta. Nalaza mkwaju.

Printa inakohoa mara mbili, kisha haikomi.

Saa saba kasorobo malori yametoka,
uani mistari minne ya matairi.
Namwandikia Manlio.
Naanza na "Mpumbavu". Nafuta.
Naanza na "Mpendwa". Nafuta.
Mwishowe natuma hivi:
BRUNA ni ng'ombe. Usimtoe zizini.