Salio

Jumatatu akaunti ya mama ilikuwa na elfu arobaini na moja.
Jumanne usiku kikoba kikakutana kwa Bi Siwatu, Tandika,
mlango umerudishiwa.
Siwatu alitoa ya mahari ya bintiye.
Mama Nasoro, kodi ya miezi sita.
Zaituni akafungua pindo la kanga:
noti zinanuka mafuta ya vitumbua.
"Siku tatu tu," mama aliapa,
"karatasi ikishagongwa muhuri, kila mtu na chake."

Jumatano tukaamka matajiri.
Mama akavaa viatu vya harusi ya mdogo wake,
vinambana,
akapanga foleni benki.
Karani akatazama kioo, akamtazama yeye,
akatazama kioo tena.
"Karibu kiti, mama."

Mimi niko stesheneri kwa Mgaza,
cheti cha kuzaliwa kimelala kifudifudi kwenye mashine.
Fomu inauliza: nani atakulipia masomo?
Kisanduku kimoja, jina moja.
Wanawake kumi na wanne hawaenei.
Nikaandika la mama.
Nikabonyeza tuma,
umeme ukakatika.
"Tulia," Mgaza akasema gizani,
"hata Ulaya wanasubiri."

Ijumaa mama anarudisha,
analamba kidole, anahesabu, anakosea, anaanza upya.
Zaituni hakuhesabu. Akafunga pindo lake:
"Ukifika huko kwenye baridi, mwanangu,
usije ukasema umesomeshwa na benki."

Salio: elfu ishirini na tisa.
Kumi na mbili zilikwenda kwenye muhuri.