Shikamoo ya Rika

Leo asubuhi mtu wa rika langu
kaniamkia shikamoo.
Alifuata sangara wa moshi, kilo nane,
kavua kofia kabisa, kainama kidogo,
na mimi, mdomo ukiitangulia akili,
nikamwitikia marahaba.

Ni Bugingo. Darasa la nne tulikaa dawati moja,
akinakili hesabu zangu, na makosa yangu pia:
saba mara nane, hamsini na nne.
Tulichapwa pamoja.
Hakunitambua.
Nikampimia, nikampunguzia mia tano,
nikamwacha aende na adabu yake.

Nyumbani hatuna kioo kikubwa.
Kipo cha pikipiki, nimekichomeka ukutani,
kinatosha jicho moja kwa zamu.
Nikalitazama la kulia, kisha la kushoto.
Arobaini na mbili, nikayaambia.
Hayakubisha, wala hayakukubali.

Mwezi wa tatu alikuja Igombe binti mmoja wa maabara,
Nyanjura, na kisanduku cha barafu,
akatutoa damu wanawake kumi na tisa wa mabandani.
Tukapewa soda, na kipande cha sabuni.
Akasema kila seli ya mwili ina nyuzi zilizosokotwa,
na kila uzi una ncha,
na seli ikijigawa ncha hupungua,
ndiyo kuzeeka kwenyewe, kwa wote,
hata wa kule Capri Point wenye madirisha ya vioo.
Ila moshi, akasema, na chembe zake zisizoonekana,
huenda unazifupisha kabla ya siku zake.

Huenda.
Neno lenye utelezi kama kambare.
Nikamuuliza: huenda ya ndiyo, au huenda ya hapana?
Akasema bado wanapima.
Basi. Maji huenda, moshi huenda,
na aliyeinamia chanja miaka ishirini na mitatu
naye huenda, hajui tu kwa mwendo gani.

Magesa, mume wangu, hukata kamba za nyavu.
Kila akikata huwasha kiberiti,
huunguza ncha ya nailoni, huikandamiza kwa kandambili
mpaka igande, isifumuke.
Kamba isiyochomwa, husema, ni uzembe.
Nikamweleza habari za nyuzi za Nyanjura,
kwamba zangu labda zinafumuliwa na huo huo moto.
Akacheka.
Kisha akashika kiberiti muda mrefu bila kukiwasha.

Jioni alipanda juu ya banda na nyundo,
akang'oa bati moja upande wa ziwa.
Moshi ukasimama, ukatafakari, ukatoka nusu.
Nusu nyingine bado ni yangu.
Kuna sangara sitini juu ya chanja, hawajaiva,
na ada ya mtoto ni Jumatatu.

Bugingo kasema atarudi Ijumaa.
Safari hii nitamuwahi mimi, kabla hajagusa kofia:
wewe, saba mara nane?
Akisema hamsini na nne
nitajua kaniona.