Mshono wa Kumi na Saba

Merikebu za anga zilikuwa nne, tumbo moja,
zilizaliwa Pasua, nyuma ya reli ya zamani,
katika karakana ambamo sasa wanalala mbuzi.
Tulizipa majina ya mito yetu:
Rau, Karanga, Weruweru, Kikafu.
Mimi nilichomelea mbavu zao.
Kila moja mishono arobaini; wa kumi na saba ni wangu
katika zote nne,
pale shingo inapoingia kifuani.

Rau ilitangulia. Kapteni Haikaeli Lyatuu,
mwanamke mfupi, mwenye kuchekea puani,
alibeba mche wa mgomba ndani ya kopo la rangi.
Alifika. Hatukuamini, lakini alifika.
Akaifumua merikebu bati kwa bati
akaezekea nyumba chini ya jua jekundu.
Picha ya mwisho ni ya paa, na juu yake mshono wangu,
umepinda kidogo, hauvuji.
Mgomba haukushika. Hilo alilisema mara tatu.

Kikafu ya Mbonea Msuya haikufika wala haikuanguka.
Inakwenda tu. Injini zilikataa kuzimika,
naye kila mwaka hutuma swali moja:
Soko la Mbuyuni mmelihamisha?
Fundi cherehani alimaliza koti langu?
Swali hukaa njiani miaka kumi na tisa.
Koti lilikwisha. Fundi alikufa. Mwanawe hulivaa Krismasi.
Tumemjibu. Jibu linamkimbiza,
na yeye anakimbia karibu sawa na jibu.

Karanga.
Ngoja kwanza ninywe maji.

Kapteni wake Eliamringi Tarimo, tulikaa dawati moja,
alikuwa akiniazima kalamu na kuirudisha imetafunwa.
Usiku nilipokuwa kwenye shingo ya Karanga, umeme ulikatika.
Chuma kikapoa katikati, mdomo wazi.
Asubuhi nikakipasha moto upya, nikafunga, nikapaka rangi.
Mkaguzi alipita, tochi mkono huu, andazi mkono huu,
akatia saini.
Siku ya mia mbili na sita redio ilisema, "Subirini, kuna..."
Tume ilikaa Arusha miezi minane,
ikaandika: chanzo hakikubainika.
Neno laini hilo. Nimelilalia, nimeliamkia.
Na mama yake kila Desemba huniletea mkungu wa mshare,
kwa kuwa, asema, nilimtengenezea mwanawe chombo.

Weruweru haikuondoka.
Fedha zilikwisha ikiwa na mbavu zote, haina moyo.
Kapteni wake, Anankira Kaaya, aliapishwa, akapewa kofia,
na leo anauza mbegu za karoti na kabichi.
Jumapili, baada ya ibada ya pili, huja na ufagio,
hufagia kinyesi cha popo mbele ya usukani.
Nilimuuliza, "Ukapteni ndio huu?"
Akasema, "Ulitaka nimwamuru nani?"

Juzi nilipanda ngazi na nyundo.
Wa kumi na saba wa Weruweru niliufunga wiki moja baadaye,
waya uleule, mkono uleule,
umeme haukuyumba hata mara moja.
Nikagonga. Nikasikiliza.
Nikasogea kiganja kimoja, nikagonga tena,
kama daktari juu ya mgongo wa mtoto.
Mlima ulikuwa umefunguka mpaka kileleni
na sikuutazama.

"Unatafuta nini huko juu?" aliuliza, ameshika ngazi.
Miaka ishirini na mbili ilikuwa kooni.
Nikasema, "Usiku ule wa Karanga umeme ulikatika."
Akanyamaza kidogo. Akasema,
"Najua. Ulikatika mji mzima.
Shika nyundo vizuri, usije ukaniangushia."