Mstari wa Chaki

Mwalimu Nyagawa alichora mstari wima
kutoka juu ya ubao mpaka chini,
chaki ikalia kama mlango wa zizi.
Kushoto: SISI. Kulia: WAO.
Nje, sakitu ilikuwa bado imeng'ang'ania matuta ya viazi,
na sisi, kidato cha tatu, vidole tumevificha ndani ya sweta,
tunaonywa kwamba Denmaki kuna baridi.

Tukacheka. Mtoto wa Njombe atishwe na baridi!

Haya, semeni. Tukasema.
Sisi: tunasimama mwalimu akiingia.
Wao: mwalimu wanamwita kwa jina lake, kama mwenzao,
na mbingu haijaanguka.
Sisi: Kamwene, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua;
hata mwenye haraka hupunguza mwendo.
Wao: wanapishana kimya, kila mtu na baiskeli yake.
("Labda hawana habari," alisema Otmari,
na Mwalimu akakataa kuliandika hilo.)
Wao: mtoto mchanga hulazwa nje, kwenye kigari,
theluji inadondoka, mama yumo ndani anakunywa kahawa.
Hapo darasa zima liliguna.
Skolastika peke yake alinyoosha kidole:
"Mimi mama alinilaza kwenye tuta la pareto,
akapalilia mpaka jua likageuka.
Naandikwa upande gani?"

Chaki ikabaki hewani
muda wa kutosha kumenya kiazi.
Kisha Mwalimu akamwandika juu ya mstari wenyewe.

Alhamisi ikaja orodha yao,
kwa Kiingereza chenye makosa yanayofanana na yetu.
Tulikuwamo: jua kali, ngoma, simba.
Ezekia akainama kumtafuta huyo simba chini ya dawati.
Tulicheka tukapashika joto.
Lakini pembeni, kwa mwandiko mdogo wa penseli,
msichana aitwaye Signe alikuwa ameuliza:
Bibi yangu anaishi kwenye nyumba ya wazee.
Namtembelea Jumapili, si kila Jumapili.
Bibi zenu wanaishi na nani?

Rahisi! Tuandikie: NASI.
Mwalimu akageukia ubao.
Nami nikamwona bibi yangu kule Lupembe,
anafunga mlango kwa kamba ya mgomba,
anawasha moto wa mtu mmoja,
wanawe wanne wako Dar es Salaam, Tunduma, Makambako, na kaburini.
Nikatazama dirishani.
Otmari naye alikuwa anatazama dirishani.
Nasi, ikaandikwa,
mwandiko mzuri, wa duara,
na hakuna aliyenyoosha kidole.

Majina manane yalitoka. Langu halimo.
Skolastika limo; kaka yake amekwisha kumuuliza
kama ndege ina dirisha linalofunguka.
Waliochaguliwa walibaki kufundishwa uma na kisu
kwa makande ya jana.
Mimi nilikuwa zamu ya usafi.
Nikafuta simba, nikafuta baiskeli,
nikafuta kigari cha mtoto na theluji yake,
nikafuta NASI kwa nguvu kuliko yote.
Mstari ulikataa. Mwalimu alikuwa ameukandamiza,
na ubao wetu ni mbao tu iliyopakwa rangi.

Jumamosi nilidandia lori la mbao kwenda Lupembe,
sukari kilo moja kifuani,
vumbi la miwati kooni.
Sikuwa nimetumwa na mtu.
Bibi alinishika mikono yote miwili, akaipulizia,
akauliza nani amekufa.
Hakuna, bibi. Nimekuja tu.
Hakuamini mpaka maji yalipochemka.

Usiku nikamsimulia: shule itakwenda Ulaya,
watu wa huko hivi, sisi vile.
Alisikiliza huku anageuza viazi kwenye majivu,
kimoja, kingine, kile kilichopasuka akanipa mimi.
"Na huko," akasema, "viazi wanapanda mwezi gani?"

Nikapuliza kiazi changu.
Sijui, bibi.
Hilo hatukuuliza.